Mama Mdogo Anataka Lebo, Lakini Maneno Bado Hana

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma mjini. Kwa miaka 6 sasa ninaendesha ofisi ndogo ya usanifu wa machapisho nikishirikiana na kijana mmoja tuliyesoma naye chuo. Tunatengeneza lebo za bidhaa, vipeperushi, kalenda, majarida ya shule na tovuti za biashara ndogo. Nakuandikia kwa sababu jambo ambalo kwa wengi lingekuwa la kiofisi tu limefika hadi nyumbani kwetu, na mama mdogo aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu sasa hapokei simu zangu.

Hapo mwanzo nilikuwa ninaanza kuchora mara tu mteja anapotoa arubuni, wala sikuuliza maandishi yako wapi. Mwaka wa pili nilipata kazi ya tovuti ya nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa. Nilisanifu kurasa 8, nikajaza nafasi zote kwa yale maneno ya Kilatini yasiyo na maana ambayo wasanifu hutumia kushikilia nafasi, na mwenye nyumba akaisifu sana. Miezi mitano baadaye alileta alichokuwa nacho: namba mbili za simu, bei za vyumba, na picha tatu zilizokwisha kutumwa na kutumwa tena kwa WhatsApp hadi zikapoteza ukali wote. Kurasa 6 kati ya 8 hazikuwa na cha kuwekwa. Akaniambia kwamba tovuti niliyompa si ile niliyomwonesha, akakataa kumalizia malipo, nami sikuwa na jibu la kumpa kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Mwaka uliofuata ilikuwa jarida la mahafali la shule moja ya sekondari. Tulikubaliana kurasa 24. Salamu za mkuu wa shule nilizitengea ukurasa mmoja, zikaja kurasa tatu na nusu, na hakuna aliyethubutu kumwomba apunguze. Jarida la kushonwa katikati kwa pini huongezeka kurasa nne nne, kwa hiyo 24 zikawa 28, gharama ya uchapaji ikapanda, na kwa kuwa bei ilishawekwa saini, tofauti yote ilitoka mfukoni mwangu. Mwezi huo nililipa kodi ya ofisi kwa kukopa.

Baada ya hapo nilitafuta wenzetu wa nchi nyingine wanasemaje. Nilikuta kwamba mwaka 2008 mbunifu wa tovuti wa Marekani, Jeffrey Zeldman, aliandika kuwa maudhui hutangulia usanifu, na kwamba usanifu usio na maudhui ni mapambo tu. Nilihisi kama mtu amesoma daftari langu la hasara. Nikaweka kanuni kwenye fomu yetu ya kupokea kazi: hatuanzi kuchora kabla hatujapokea maandishi kamili na picha zote. Mwenzangu hakuipenda. Alisema kuwa mteja wa Kigoma hajui ataandika nini mpaka aone mahali pa kuandika. Hata hivyo alikubali, na kwa karibu miaka miwili tumeishi nayo. Baadhi ya wateja waliondoka wakiwa na fomu mkononi na hawakurudi, lakini waliobaki hawakututia hasara tena.

Sasa mama mdogo ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama 14 wanaokamua mawese. Mwezi wa nne walikuja ofisini wote kwa pamoja wakiwa wamevaa vitenge vya sare. Wanataka kupeleka bidhaa zao kwenye maonesho ya Nane Nane kule Tabora: mafuta ya mawese katika chupa za lita 1 na madumu ya lita 5, mafuta ya mise, yaani ya kokwa ya chikichi, na sabuni. Waliomba lebo za bidhaa zote na kipeperushi kimoja cha kukunja. Niliwakaribisha, niliwaagizia soda, kisha nikampa mama mdogo fomu kama ninavyompa kila mteja, nikamweleza kwamba wakileta maandishi tutaanza siku hiyohiyo. Aliisoma taratibu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Wiki tatu zikapita kimya.

Katika wiki hizo mwenzangu, bila kunishirikisha, alichora lebo ya chupa na kipeperushi kizima, akajaza yale maneno ya Kilatini, akawapelekea. Kina mama walipiga vigelegele. Walipiga picha na kuzituma kwa ndugu na wateja wao wa Dar es Salaam na Mbeya, wakisema lebo yetu ndiyo hii. Siku nne baadaye katibu wao alileta kurasa mbili za daftari zilizojaa mwandiko, pande zote. Hakuna kilichoenea. Nusu ukurasa mzima ulikuwa unaeleza kwa nini mafuta huganda chini ya chupa na mteja afanye nini, na kwenye lebo ile hapakuwa na nafasi hata ya mstari mmoja wa jambo hilo. Nilikasirika, nikamwambia mwenzangu mbele yao kwamba kazi yote irudiwe upya na kwamba ndiyo maana tuna fomu. Mama mdogo alisimama akasema, "Mwanangu, tulikuja kwako kwa sababu maneno ndiyo hatuna. Tungekuwa nayo, tungekwenda kwa yeyote mwenye mashine." Wakatoka.

Mwenzangu anasema niondoe kanuni au yeye atafute pa kwenda. Mimi naamini kwamba nikianza tena kuchora juu ya hewa nitarudi kwenye madeni. Je, niendelee kushikilia maandishi kwanza, au nilegeze? Na nikilegeza kwa mama mdogo, nitamwambia nini mteja mwingine?

Binti wa Mwanga, Kigoma


JIBU LA MSHAURI

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale mama yako mdogo anapoikunja fomu mara mbili na kuitia kwenye mkoba. Nitarudi hapo. Kwanza niseme nilivyokuelewa, ili kama nimekosea unisahihishe.

Umeumia mara mbili kwa kuchora kabla ya kujua kitakachoandikwa. Ulijiwekea kanuni ya kujikinga, na kanuni hiyo imekulinda kweli. Kisha akaja mtu ambaye huwezi kumhesabu kama mteja wa kawaida, ukampa kanuni ileile kwa nia njema, kwa kuwa hukutaka kupendelea. Yeye akaisikia kama mlango uliofungwa. Mwenzako akaufungua mlango huo kwa nyuma, akawafurahisha, na furaha hiyo ikageuka kuwa kero pale maneno ya kweli yalipofika. Sasa unaniuliza kuhusu maandishi na michoro, na katikati ya swali hilo wamesimama watu wawili unaoogopa kuwapoteza.

Nianze na upande wako, kwa sababu una haki nyingi kuliko unavyojipa. Mimi nilianza kazi Tabora, katika chumba cha kupanga kurasa, wakati ambapo aya zilikatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi kwenye karatasi, na ninaifahamu vizuri hasara ya kupanga kitu ambacho hakijafika. Yale maneno ya Kilatini unayoyataja yalitoka katika maandishi ya Cicero, mwanafalsafa wa Roma, ya mwaka 45 kabla ya Kristo, yakakatwakatwa mpaka maana ikapotea. Yalienea katika miaka ya 1960 kupitia karatasi za herufi za Letraset, na katika miaka ya 1980 yakaingia kwenye kompyuta pamoja na PageMaker, programu ya kupanga kurasa. Kazi yake ni kutosomeka, ili jicho lipime umbo la ukurasa bila kuvutwa na maana. Kwetu sisi yana kasoro moja zaidi ambayo naona haizungumzwi vya kutosha: maneno kama "dolor" na "amet" ni mafupi, ilhali neno moja la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani yake. "Yanayokamuliwa" peke yake ni herufi 14. Ukilitia kwenye safu nyembamba ya lebo ya chupa, ama linagonga ukingo, ama linashuka mstari wa pili na kuacha pengo juu yake. Kwa hiyo anayechora kwa Kilatini na kuchapa kwa Kiswahili amepima nguo kwa mwili wa mtu mwingine, hata kama mkono wake ni hodari kama wa mwenzako.

Hapo tuko pamoja. Sasa naomba turudi kwenye hasara zako mbili tuzitazame kwa utulivu, maana nina shaka kama zina chanzo kimoja. Mwenye nyumba ya wageni hakuwa na maandishi kwa sababu hakuwa na mengi ya kusema. Simu, bei na picha tatu ndiyo yaliyokuwa maudhui yake, na yangetosha vizuri kwenye ukurasa mmoja mzuri. Kilichokutia hasara ni kurasa 8, idadi iliyokubaliwa kabla mtu yeyote hajamuuliza mgeni anayefika Kigoma anataka kujua nini. Ungempa fomu yako ya leo, huenda angeondoka nayo na usingemwona tena. Hasara ungeiepuka, lakini na ukurasa ule mmoja aliouhitaji usingemtengenezea. Kwa upande wa mkuu wa shule, maandishi yalikuwepo, na hata kama yangefika kabla hujaanza, bado yangekuwa kurasa tatu na nusu ndani ya jarida lenye bei ya kurasa 24. Hapo kilichokosekana ni kipimo: mtu wa kumwambia mapema na kwa adabu kwamba nafasi yake ni maneno 350, na kwamba yakizidi, jarida litaongezeka kurasa nne na bei itapanda.

Nakuuliza hili kwa sababu kanuni yako inadai "maandishi kamili", na sijui kama ukamilifu ndio ulioukosa siku zile. Fikiria gazeti. Safu zake, nafasi ya kichwa cha habari na mahali pa picha hupangwa kabla habari yenyewe haijatokea, na halianguki, kwa kuwa wapangaji wanajua aina ya maneno yatakayokuja na wingi wake, na mwandishi anaambiwa mapema aandike kiasi gani. Nilipokuwa Tabora, mhariri wetu alikuwa akituma kikaratasi: kichwa kisizidi herufi 22. Kichwa kikaandikwa kuingia humo. Wakati huohuo sijapata kuona hotuba ya msibani au wasifu wa marehemu ukipangwa hivyo ukatoka vizuri, kwani hayo lazima yaje kwanza yote, kisha ukurasa uyafuate. Maneno ya Zeldman uliyoyanukuu nayaheshimu. Naona tu kwamba yanasema maudhui hutangulia, wala hayasemi yatangulie yakiwa yameshakamilika hadi nukta ya mwisho.

Sasa tuichukue lebo ya chupa ya lita 1. Hapa nakuomba ujiulize kwa unyofu: ni nani ofisini siku ile aliyejua zaidi kinachotakiwa kuandikwa, ni kina mama au ni wewe? Jina la bidhaa, ujazo, viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, maelezo ya kuhifadhi: haya unayajua kwa moyo, kwa kuwa bidhaa ya chakula inayopitia Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hudaiwa hayo. Unajua kwamba alama ya ubora ya TBS haichorwi kwenye lebo kabla mwenye bidhaa hajapata leseni ya kuitumia. Unajua kwamba msimbo wa mistari (barcode) wa Tanzania huanza na 620 na unahitaji eneo jeupe kandokando yake ili mashine iusome. Sehemu kubwa ya lebo hiyo ilikuwa na maudhui siku ileile walipoketi na soda zao. Yalikuwa kichwani mwako, na fomu ikamtaka mama mdogo aende kuyatafuta kijijini.

Sisemi hili kukulaumu. Nalisema kwa sababu nadhani ndilo alilolijibu kwa ile sentensi yake. Kina mama hawa wanajua kuchagua chikichi zilizoiva, wanajua kuzichemsha na kuzikamua, wanajua mafuta ya mise yanatofautianaje na mawese kwa rangi, harufu na matumizi. Wanayo maarifa yote, na wanayaeleza kwa mdomo kila siku sokoni. Kuyageuza maarifa hayo kuwa mistari minne ya kuchapwa ni kazi nyingine kabisa, yenye ujuzi wake, na katika ofisi yenu kazi hiyo haina mwenyewe. Wewe unaidai kwa mteja. Mwenzako anairuka kwa Kilatini. Katibu wa kikundi aliibeba peke yake usiku na kalamu na daftari, bila mtu kumwambia kama anaandika lebo, kipeperushi au risala. Labda mnachogombania nyinyi wawili si kipi kianze, ni nani aiandike na nani ailipie. Lizungumzeni hilo kabla ya kuzungumzia kuvunja ushirika.

Kuhusu mwenzako nina mawili. Alikosea kuwapelekea mchoro bila wewe kujua, na alikosea zaidi kuwaachia wapige picha, maana mtu akishaipenda rangi na umbo, kila badiliko linalofuata huliona kama kunyang'anywa. Mchoro uliokwisha kufika Mbeya na Dar es Salaam umekuwa ahadi. Hata hivyo angalia kalenda: fomu yako ilikaa kwenye mkoba wiki tatu, mchoro wake ukaleta kurasa mbili za daftari kwa siku nne. Alichokuambia zamani, kwamba mteja hajui ataandika nini mpaka aone mahali pa kuandika, kilithibitika mbele ya macho yako siku uliyokuwa na hasira mno kukiona. Vilevile ilichokionya kanuni yako, kwamba maneno ya kweli yatagoma kuingia, kilithibitika siku hiyohiyo. Ninyi wawili mlikuwa sahihi katika chumba kimoja, na hilo huwa gumu kuliko mmoja kukosea.

Basi kuna njia kadhaa mbele yako, na hakuna iliyo salama kabisa.

Unaweza kuishika kanuni kama ilivyo. Faida yake umeshaionja. Gharama yake ni kwamba itakuchagulia wateja: mashirika makubwa na ofisi huja na maandishi yaliyokwisha kuhaririwa, na kwao fomu ni jambo la kawaida. Mkamuaji wa mawese, mvuvi anayekausha dagaa na mwenye mgahawa hawana ofisa wa kuandika, kwa hiyo watakwenda steshenari ya jirani, ambako watachorewa kitu kwa saa moja na maneno ya kukisia. Kama ofisi yako ilikusudiwa kwa wa kwanza, kanuni inakufaa. Ulipoifungua miaka 6 iliyopita ulimkusudia nani?

Unaweza kuruhusu michoro itangulie, kama anavyotaka mwenzako. Ukifuata njia hiyo, ningetamani Kilatini kiachwe kabisa, mtumie maneno ya Kiswahili ya bidhaa inayofanana, yenye urefu wa kweli, ili mteja ayasome na kusema "hapana, sisi hatusemi hivyo", kwani kukanusha ni rahisi kuliko kutunga. Mchoro wa kwanza uwe wa penseli au wa mistari mitupu, bila rangi, usiopendeza kiasi cha kutumwa kwa ndugu. Hatari iliyobaki ni ile unayoijua, ya kufanya kazi mara mbili kwa bei moja, nayo haiondoki kwa wema. Inapungua tu pale makubaliano yanapotaja marudio mangapi yamo ndani ya bei na yanayozidi yanalipiwaje. Ipo pia hatari ya neno la mfano kusahaulika hadi mtamboni. Nimeshuhudia kalenda zikitoka zote na maandishi "jina la mkurugenzi hapa", na aliyezilipia alikuwa mpangaji wa kurasa.

Au unaweza kuichukua kazi ya maneno iwe yenu, kwa jina na kwa bei. Mnaketi na kikundi asubuhi moja, mnarekodi sauti kwenye simu, mnauliza maswali, kisha mmoja wenu anaandika na wao wanasahihisha. Mioyo ya wengi, na wangu pia, inavutwa huku, lakini nitakuwa sikutendei haki nisipokuonesha ubaya wake. Asubuhi moja huwa siku tatu. Mteja mdogo huona kulipia maneno ni kulipia hewa, kwa sababu mdomo wake mwenyewe humpa maneno bure. Na ukishaandika wewe, lawama ya kilichoandikwa inakusogelea. Kina mama wanaweza kukuambia uandike kwamba mawese yanatibu macho. Ni kweli kwamba wekundu wa mafuta hayo hutokana na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini kutoka hapo hadi neno "yanatibu" kwenye lebo ni safari ndefu, na utakuwa wewe wa kuwazuia. Je, uko tayari kuwa mtu huyo mbele ya mama mdogo?

Wengine humtafuta mtu wa tatu, mwalimu au mwandishi wa habari, amwandikie mteja. Inasaidia kwa tovuti na majarida. Kwa lebo chache naona ni mzunguko mrefu.

Swali lako la mwisho lilikuwa la haki: ukilegeza kwa mama, utamwambia nini mteja mwingine? Nahisi unaona njia mbili tu, kanuni moja kwa wote au upendeleo. Inawezekana fomu yenyewe ikawa na maswali badala ya sharti. Bidhaa ni nini, nani atainunua, mteja huuliza nini kabla ya kulipa, lipi lazima lionekane kwa umbali wa hatua tatu, nani atathibitisha maneno ya mwisho na kwa tarehe gani. Mwenye maandishi atayaambatisha, asiye nayo atayajibu kwa mdomo huku mmoja wenu akijaza. Wote wamepewa karatasi moja. Sina hakika kama mwenzako ataikubali au kama itakulinda kama ile ya zamani ilivyokulinda, na ningependa mliijaribu kwa kazi ndogo kabla ya kuiapia.

Narudi kwa mama yako mdogo. Ulimpa fomu ileile unayompa kila mtu, nawe ukaona kwamba ni heshima, kwa kuwa ulimtendea kama mteja kamili. Nakubali kwamba ni heshima. Lakini alikuja na wenzake 13, wakiwa na sare, mbele yao yeye ndiye mwenye binti msomi mwenye ofisi mjini. Naye akaondoka na karatasi ya kujaza. Sidhani alikasirishwa na kuambiwa maneno yanahitajika. Nadhani kilichomchoma ni kuambiwa hadharani alete kitu ambacho alikuwa amewaahidi wenzake kwamba kwako watakipata. Kisha mara ya pili, hadharani tena, ukasema kazi iliyowafanya wapige vigelegele irudiwe. Kama nimekosea utajua wewe, maana unamfahamu. Kama sijakosea, simu haitatosha, na ujumbe wa WhatsApp ungeongeza jeraha. Kuna mambo ambayo mtoto huenda kuyasema kwa miguu yake, jioni, mezani kwa mama, bila kompyuta. Hulazimiki kukana kanuni yako ukiwa huko. Unaweza kumwambia yote mawili: kwamba ulimwacha peke yake na kazi ambayo ilikuwa yako kumsaidia, na kwamba mchoro ule hauwezi kuchapwa kama ulivyo. Umwoneshe kwa nini, kwa kutumia daftari la katibu wao.

Daftari hilo usilidharau kwa kuwa halikuenea. Ile nusu ukurasa kuhusu mafuta kuganda ni maneno ambayo mimi wala wewe wala mwenzako tusingeyatunga. Mnunuzi wa Mbeya, kwenye baridi, anaona chupa ina tabaka mbili, anadhani ameuziwa mafuta yaliyoharibika au yaliyochanganywa, na hanunui tena. Kina mama wamelijibu swali hilo kwenye simu mara nyingi kiasi kwamba katibu alilitengea nusu ukurasa bila kuombwa. Huenda ndiyo sentensi muhimu kuliko zote kwenye chupa ile, na huenda ikawa ndiyo itakayoamua lebo iwe na upana gani na nyuma yake pawe na nini. Mwenzako, ambaye mkono wake umeshawapendeza, anaweza kuwa ndiye mtu wa kuitafutia mahali, ikiwa utampa daftari na si lawama.

Muda mlio nao hadi tarehe 8 Agosti si mwingi, na maboksi lazima yapakiwe kabla ya hapo, kwa hiyo sitakushauri uzungukezunguke. Ukifika kwa mama mdogo, mkishamaliza yenu ya nyumbani, muulize jambo moja tu la kazi: mteja wa Mbeya akimpigia kwamba mafuta yameganda chini ya chupa, yeye humjibu nini? Uandike jibu kama litakavyotoka kinywani mwake, usilinyooshe. Kisha uniandikie tena uniambie lilikuwa la maneno mangapi, na mmelitengea nafasi gani.